Vyura wa Jikoni kwa Mama

Mwembesongo, Morogoro
Ijumaa

Kwako kaka Fidelis,

Shikamoo kaka. Hujambo huko mlimani, na wifi Agnes hajambo? Huku tu wazima. Watoto wako wananenepa na wanamsumbua bibi yao kutwa. Mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Eufrazia barua hii akipanda kununua njegere.

Unakumbuka wale vyura wanene, wamenuna kama wamenyimwa chai, waliojaa jikoni kwa mama huko mlimani? Ulinicheka nilipowatia wawili kwenye kopo, ukasema nimesomeshwa nije kuokota vyura! Basi niliwapeleka kazini, chuoni Mazimbu. Daktari Shadia, bosi wangu, aliwatazama miguu, akasema hawa si wale wachimbaji wa mashambani. Ni wa msituni, juu kabisa. Wanaishi ardhini chini ya majani yaliyooza, hata mayai wanataga humo humo. Nje ya msitu hajawahi kuwapata. Alifurahi huyo! Akasema ramani ya makazi yao itachorwa upya.

Mimi sikufurahi, kaka. Kiumbe asiyependa kutoka shimoni ashuke mpaka jikoni kwetu, anafuata nini?

Ndipo tukapanda naye. Juu ya migomba yetu, pale msitu unapoanzia, ardhi imepasuka. Mguu wangu ulizama hadi gotini. Tulichimba, chura hata mmoja hakuna, ila maji yanapita chini kwa chini. Miti imeinamia upande wenu. Daktari hakutaja tena ramani. Tulipokuwa tunashuka aliniuliza ile nyumba ya bati jipya ni ya nani, nikamwambia ni ya kaka yangu.

Tulipita kukueleza, ukacheka tena. Ukasema ufa huo upo tangu enzi za babu. Kaka, udongo wake ulikuwa mbichi!

Sasa nikwambie ukweli. Siumwi kifua, wala sijawahi kuumwa. Nilimdanganya mama ili ashuke kuniuguza, maana kwa hiari yake asingeliacha kaburi la baba. Na watoto sikuwaita kwa ajili ya likizo. Najua shule zinafunguliwa Jumatatu na unawasubiri. Siwarudishi. Ukiwataka, njoo uwachukue mwenyewe, na uje na wifi. Unikasirikie ukiwa huku.

Mama anakusalimu, hajui ninayoyaandika. Mbuzi usiwafunge, wafungulie tu, wao watajua pa kukimbilia.

Ni mimi mdogo wako,
Prisca