Nzi wa Baba Mkubwa

Morogoro,
katikati ya Juni

Mpendwa Dada Benadeta,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye nyumba ya malezi, na kwamba magoti yako yameshazoea sakafu ya kanisa. Mimi mwili ni mzima, nakula, na kulala nalala kidogo. Kama Mama Mlezi anasoma barua zenu kabla hazijawafikia, naye namwamkia kwa heshima na kumwomba radhi mapema, maana humu nitataja sehemu za siri za nzi, tena za nzi dume. Kama ni kucheka, cheka sasa, kwa sababu huko mbele hakuna pa kuchekea.

Msiba wa Baba Mkubwa Melkiory uliusikia, ila najua walikuambia kwa mkato, maana hukuweza kuja kuzika. Tangu alipoanguka mwaka jana tulikubaliana asiachwe peke yake. Harerimana, aliyemlimia mzee kibanja chake cha migomba na kahawa kule Isingiro tangu sisi tunasoma shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akilala naye. Ijumaa asubuhi Harerimana aliaga kwenda Kamuli kwa sababu mkewe Immaculata alikuwa amejifungua. Kaka yetu Gosbert alitakiwa atoke Rugu jioni ile ile, alale pale mpaka mwenzake arudi. Jumatano iliyofuata majirani walimkuta mzee amelala kifudifudi katikati ya mibuni, ana jeraha kichwani, na mwili umeshaharibika.

Gosbert anasema Ijumaa jioni alifika, akabisha hodi, akakuta kimya, akadhani wote wawili wamekwenda Kamuli, akarudi nyumbani. Harerimana anasema alimwacha mzee barazani anapukuchua maharage, na kwamba mzee alimtuma amsalimie mtoto. Ukoo ulipokaa haukuchukua muda. Walisema mzee aliuawa Alhamisi usiku, na Harerimana akaondoka asubuhi kana kwamba anakwenda kuona mtoto. Walisema pia kwamba wazazi wake walivuka kutoka Burundi, kwa hiyo mzee hakuwa damu yake. Mnyonge hana haki, Dada. Polisi walimchukua, na mpaka naandika yuko mahabusu.

Sasa ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu ya wadudu, ambayo mlikuwa mkinitania kwamba nimesomea kinyesi. Nilipofika, nilimwomba askari mpelelezi ruhusa nikachukua funza kwenye mwili kabla haujaoshwa. Walikuwa funza wa nzi wa nyama, wale wakubwa wa kijivu wenye milia myeusi mgongoni na macho mekundu. Kule kwetu wako wa aina mbili zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Aina moja funza wake hukua upesi, nyingine hukua polepole. Kwa ukubwa waliokuwa wamefikia, kama hawa walikuwa wa aina ya polepole, basi mzee alikufa Alhamisi, na Harerimana ana la kujibu. Kama walikuwa wa aina ya upesi, mzee alikuwa hai mpaka Jumamosi, Harerimana akiwa Kamuli mbele ya watu wengi. Hapo wa kujibu anakuwa yule aliyetakiwa kuwa pale.

Ila funza hawatofautishiki kwa macho, na nzi majike nao hawatofautishiki. Ni dume tu. Mwisho wa tumbo lake ana kiungo kilichofichwa, kama ndoano ndogo, na ndoano ya aina hii si ndoano ya aina ile. Unakivuta kwa pini dume akiwa bado laini, unakiweka chini ya hadubini, na jibu linaonekana. Vipimo vya vinasaba bosi wangu alisema havitasaidia, maana nzi wa Karagwe na Kyerwa hakuna aliyewahi kuwapima tukapata wa kulinganisha nao.

Kwa hiyo niliwalea funza nyumbani Rugu, kwenye kopo, kwa maini na mchanga. Walipojifunga ndani ya maganda yao, likizo yangu ilikwisha, na safari ya basi ingewaua. Nikamwachia mama kopo, lenzi na pini, ili nzi wakitoka anitumie madume huku Morogoro, ndoano zikiwa zimeshavutwa. Nilimkamatia nzi wa jikoni nikamwonyesha jike na dume, na namna ya kuvuta ile ndoano. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema alijinyima ili nisome, kumbe pesa yake ilikwenda kuchungulia uchi wa nzi. Lakini alishika upesi kuliko wanafunzi wetu, na kabla sijaondoka alikuwa akiwatenga bila kukosea.

Kifurushi kilifika. Nikafungua nzi mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa majike. Nilimpigia simu. Mama alisema macho yake yalikataa lenzi, basi akachambua kama anavyochambua kahawa, akanitumia walionona, na vijinzi vidogo akawapa kuku. Unamjua mama na kahawa yake. Hata mgeni akija hawezi kumpa kilicho hafifu. Nililia, lakini sikumlaumu. Nilijilaumu mwenyewe kwa kumkabidhi mama wa watu kazi ya maabara, nikamwandikia mpelelezi kwamba haikuwezekana kutambua.

Dada, nakuandikia kwa sababu ya jambo nililoliona baadaye, na sijamwambia mtu. Niliwatoa wale nzi tena ili niwahifadhi, na safari hii niliwatazama ukubwa wao. Walikuwemo wanene, ni kweli. Lakini walikuwemo pia wadogo, wadogo kabisa, waliokosa maini ya kutosha, na hao nao walikuwa majike. Mtu anayechambua kwa ukubwa hawezi kuwaacha hao wapite. Na madume wanono wangekuwepo, maana huwa wapo. Ili upate kopo lisilo na dume hata mmoja, lazima uwe umemtazama kila nzi mkiani kwa lenzi, kwa utulivu, na uwe unajua unachotafuta.

Nilimpigia tena. Nilimuuliza taratibu, kwa heshima, kama mtoto anavyopaswa. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema kwamba amezaa watoto watatu, mmoja amempa Mungu, mmoja amewapa nzi, na aliyebaki ni Gosbert. Alisema Ijumaa ile Gosbert hakutoka Rugu kabisa, alikuwa akinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na yeye mama ndiye aliyemfungulia mlango usiku. Alinisihi nisimuulize tena.

Sijui la kufanya. Nikimtaja mama, watakuja kumchukua, na Gosbert atakana. Hajakaribia pombe tangu tuzike, na hamtazami mtu usoni. Madume waliishia tumboni mwa kuku, na barua yangu kwa mpelelezi si ya uongo hata neno moja. Nikinyamaza, Harerimana anabaki pale alipo. Natamani ningesomea ushonaji.

Kila Jumapili baada ya Misa mama anabeba kapu la chakula kwenda mahabusu kumwona Harerimana. Parokia nzima inamsifu. Immaculata alinisimulia kwenye simu kwamba katika kapu lile hakuna ndizi ndogo hata moja, mama anachagua kubwa tupu, na kwamba tangu azaliwe hajaona mama mwenye huruma kama wetu. Halafu akaniuliza, kama anavyoniuliza kila mara, iwapo nzi wameshasema. Nikamjibu kwamba bado.

Wasalimie masista wote, na usisahau shuka nzito, huko najua kuna baridi. Utakapopiga magoti usiku wa leo utuombee, ila sijui nikuambie uanze na nani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kokuberwa