Ubeti wa Tatu Tuliouimba Bisil

Baba,

Au niseme Mwalimu? Ulitupa sheria hiyo tangu nikiwa mdogo: nyumbani wewe ni Baba, ukishavuka mlango wa kanisa wewe ni Mwalimu, na mtoto wa Mwalimu hapendelewi. Sasa uko mahali ambapo sijui sheria yake ni ipi. Basi nitakuita Baba, na nikijisahau katikati utanisamehe.

Nakuandikia kwa simu, nimekaa nje ya kanisa letu hapa Kitengela, kwenye ile benchi ya zege uliyokuwa ukisema ilijengwa na mtu ambaye hajawahi kukaa. Ni Jumamosi mchana na wenzangu bado hawajafika kwa mazoezi. Nina habari, Baba. Habari njema, tena za kuchekesha, na nimezibeba wiki kadhaa bila kujua nizipeleke wapi, kwa sababu habari kama hizi nilikuwa nakuletea wewe.

Wimbo wako wa Bisil tumeuimba.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua ungenikatiza: "Nasieku, mbona unaanzia kwa kiitikio?"

Ulipotuacha, kwaya nayo ilikuwa njiani kukufuata. Hatukuwa na mtu wa kutuandikia nyimbo mpya. Unawajua watu wako, wote wanasoma do-re-mi tu. Ukimwonyesha Mama Soila wa soprano zile nota za mistari mitano, atakuambia hao ni ndege wamekaa kwa waya za stima. Miaka yote ulikuwa ukitunga wimbo kwenye ile laptopu kuukuu niliyokuletea kutoka duka ninakotengeneza simu na kompyuta, halafu unapiga magoti sebuleni na kalamu nono, unaunakili wote kwa do-re-mi kwenye karatasi za manila, sauti baada ya sauti. Mama alikuwa akikuruka na sufuria ya chai mkononi huku akilalamika kwamba ameolewa na fundi wa sakafu. Sasa sebule ni nyeupe, ina nafasi tele, na Mama hapendi. Juzi nilimkuta ametandaza manila tupu pale chini, ati anaikunjua isijikunje.

Kwa hiyo tukarudia nyimbo zilezile mpaka waumini wakaanza kupiga miayo kabla hatujafungua midomo. Wale vijana wetu wawili wa tenor wakahamia kwa wenzao wenye gitaa na ngoma. Mwishowe Mzee Kariuki wa besi, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama na kusema bila kuzunguka: twende tuimbe siku ya kufungua kanisa la Bisil kama Mwalimu alivyoahidi, kisha kwaya ipumzike na kila mtu akae na familia yake. Wote wakakubali. Hata mimi niliinua mkono, Baba. Nilikuwa nimechoka kusimama pale, kuinua macho nikitafuta mikono yako, na kukutana na ukuta.

Lakini Bisil tungeimba nini? Uliwaahidi watu wa kwenu wimbo wao wenyewe, wenye Kiswahili na Kimaa ndani yake. Wimbo huo ulikuwa kwenye laptopu, umejaa ndege na waya za stima. Nilijaribu kuunakili kwa kalamu yako. Nilifika katikati ya alto nikagundua nimeruka mstari, nikaanza upya, nikaruka mwingine. Magoti yako yalikuwa ya chuma, sasa najua.

Basi siku moja dukani, wateja wamepungua, nikafanya kitu ambacho wewe hukuwahi kukifanya. Nililifungua faili la wimbo wako kama maandishi matupu, bila ile programu ya muziki. Laiti ungeona! Ndani hamna nota hata moja iliyochorwa. Ni maneno. Kila nota imewekwa kati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga, na humo ndani imeandikwa inaitwaje, iko juu au chini, inakaa muda gani, na silabi gani inaimbwa nayo. Nota zimo ndani ya kipimo, vipimo vimo ndani ya sauti, na sauti zote nne zimo ndani ya wimbo. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nililiona boma la Koko, mama yako, kule Bisil: ndama ndani ya kizimba chao, kizimba ndani ya zizi, zizi ndani ya ua wa miiba. Na kila lango lililofunguliwa lazima lifungwe. Ukiacha moja wazi, kompyuta inagoma kama Koko anavyogoma kulala.

Mwanzoni nilijifanya mjanja. Niliandika programu ya haraka inayotafuta neno "nota" popote lilipo na kuchukua kilichofuata. Ikanipa nota zote kwenye rundo moja, soprano na besi wamechanganyika kama mbuzi siku ya mnada. Ndipo nikatulia na kuchukua laibrari. Sisi watu wa kompyuta tunaita hivyo kazi ambayo wengine wameshaiandika, wewe unaiazima na kuijengea yako juu. Laibrari hii inajua malango. Inasoma faili lote, inaelewa nani yuko ndani ya nani, halafu inakungoja uulize. Nikaiambia: nipeleke kwa alto. Ikanipeleka. Kipimo cha kwanza. Hiki hapa. Nota zilizomo, moja moja, kwa zamu. Kila nota ikaja na maneno yake mkononi. Niliruka kwenye kiti mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimeshinda kamari.

Nikachapisha, nikakimbia kwa mazoezi, nikajitia mwalimu. Nikagonga gotini kile kichuma chako cha kutolea sauti, nikawapa do, nikasema twende. Ai! Mama Soila alipanda, akapanda, akafika mahali ambapo sauti ya binadamu haijawahi kufika Kajiado nzima. Mbwa wa jirani wakaitika. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiambia programu kwamba do ni C, iwe masika iwe kiangazi, na wewe ulikuwa umeuandika wimbo kwa G, do ileile niliyowapa kwa mazoea, basi kila nota ikapanda. Nikasimama pale mbele nikikusikia waziwazi: "Kwanza nitafutie do. Mengine yatakuja yenyewe." Kila Jumamosi ya maisha yangu uliniambia maneno hayo, na mimi nikaenda kuandika programu nzima bila kutafuta do. Faili lenyewe linasema, pale mwanzoni kabisa mwa kipimo cha kwanza. Nikarudi dukani, nikaifundisha programu ianze kwa kuuliza hapo, na karatasi zikatoka safi. Mzee Kariuki alizigeuza mbele na nyuma, akasema, "Hii mkono ni ya Mwalimu kabisa." Nilitoka nje kidogo. Nilisema naenda kunywa maji.

Sasa ndipo ninapokuja kwenye kiitikio.

Mara ya mwisho tulipozungumza juu ya wimbo huo, ulisema beti mbili ziko tayari, lakini wa tatu bado unautafutia maneno. Nami nilikuwa nimeiagiza programu inipe kila neno lililoandikwa chini ya kila nota. Ilipoleta beti tatu badala ya mbili, nilishika mdomo. Alimaliza, nilisema. Alimaliza na hakuniambia. Sikusoma, Baba. Silabi zilikuwa zimekatwakatwa chini ya nota, na nilitaka nikutane nazo kwa mara ya kwanza zikiimbwa nyumbani kwenu. Wenzangu nao wakapenda hivyo. Tukafanya mazoezi ya ubeti wa kwanza na wa pili mpaka tukalowa jasho, na kuhusu wa tatu tukasema kile ambacho kwaya zote husema: nota ni zilezile, maneno mtasoma.

Bisil ilijaa. Upepo ulikuwa unatupa vumbi la barabara ya Namanga moja kwa moja mlangoni, mabati mapya yanalia, na mbuzi wa mtu alikuwa ameingia mpaka kwenye viti vya wageni. Koko alikuwa mbele kabisa, amevaa shanga zake zote. Nikawapa do, nikarudi kwenye safu ya alto. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri, watu wanatikisa vichwa. Ubeti wa pili, wa Kimaa, Koko akasimama, na akina mama wote nyuma yake wakasimama. Mimi nilikuwa naimba huku machozi yananifika kidevuni. Nikawaza, sasa unakuja ule wenyewe.

Tukavuta pumzi. Soprano wakaanza, juu, watamu kama malaika:

"Mama Soila punguza, hapa si sokoni."

Tenor wakaingia chini yao: "Tenor mnakimbilia wapi, mvua hakuna."

Besi wakanguruma: "Kariuki amka, amka Kariuki, amka."

Kwingineko mtu yeyote angesimama. Lakini wewe ulitufundisha kwamba kwaya ikikosea haisimami, inakosea ikienda. Kwa hiyo hakuna aliyesimama. Mama Soila aliimba jina lake mwenyewe macho yamemtoka, na kwa heshima yako alipunguza sauti kweli. Mzee Kariuki alijiamsha mara tatu kwa sauti nzito bila kukosa pigo. Hapo nikaelewa ulikuwa umefanya nini. Ulikuwa hujapata maneno ya ubeti wa tatu, basi ukashikilia nafasi kwa yale uliyotaka kutukumbusha Jumamosi ijayo. Na programu yangu, kwa kuwa ni mtiifu kuliko mimi, ilipoambiwa ilete kila neno ikaleta kila neno.

Nilikuwa bado naliwaza hilo zamu ya alto ilipofika. Nikatazama karatasi yangu, na mdomo ukaimba kabla sijaomba ruhusa:

"Nasieku mtoto wangu, weka simu chini, uimbe."

Baba, pale hukuandika kama Mwalimu. Kwa wengine wote uliandika kama Mwalimu, lakini kwangu uliandika "mtoto wangu", ndani ya kanisa, kinyume cha sheria yako. Na alto wote wakaniimbia hivyo, na mimi nikajiimbia hivyo, mbele ya Bisil nzima.

Kanisa lilianza kucheka kutoka nyuma, na kicheko kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Pastor alijificha nyuma ya Biblia yake, mabega yanaruka. Mama alikuwa ameinama, anacheka na kulia, anajipangusa kwa leso na haijulikani anapangusa machozi yapi. Kiswahili cha Koko ni cha kuuzia mbuzi tu, lakini hicho alikielewa chote. Alipiga makofi akawa anawaambia majirani zake, "Huyo ni yeye! Huyo ni mtoto yangu kabisa!" Tulipomaliza wakatuambia turudie. Tukarudia, na mara ya pili Mama Soila aliimba jina lake kwa madaha kama bibi harusi.

Hakuna aliyekwenda kukaa na familia yake, Baba. Jumamosi iliyofuata Mzee Kariuki alikuwa wa kwanza kufika, eti amekuja kuhakikisha ameamka. Wale vijana wawili wa tenor wamerudi, na wameniuliza kwa aibu kama kuna wimbo mwingine unaowagombeza. Niliwaambia nitaangalia. Nyimbo zako zote zilizobaki kwenye laptopu nimeshazipitisha kwenye programu, na zimetoka na manila zake, tena nakala ninazichora mimi mwenyewe sakafuni ili Mama apate mtu wa kuruka. Kuhusu ubeti wa tatu, ningeweza kuandika mstari mmoja tu wa kuiambia programu iuruke. Niliuandika, nikautazama, nikaufuta. Mmoja kwenye kwaya alipendekeza tutafute mtu atunge maneno yanayofaa, na Mama Soila akamtazama mpaka akakaa chini.

Bado nakutafuta ninapoinua macho. Ukuta bado upo. Lakini siku hizi nikiutazama nasikia mtu ananigombeza, na inanibidi nishike tabasamu nisiharibu alto.

Ashe oleng, asante sana, Baba. Kwa kila do uliyonipa. Ahadi yangu ni hii: hakuna neno lako hata moja litakalobaki limefungiwa ndani ya faili. Nitafungua kila lango, nitayatoa, nitayapa watu wayaimbe, hata yale ya kutusema. Hasa hayo.

Olesere, kwaheri. Wenzangu wamefika, nasikia besi wakijikohoza huko ndani, na Mama Soila amesimama mlangoni ananiangalia jinsi ulivyokuwa ukiniangalia. Navuka mlango sasa.

Simu naiweka chini, Mwalimu.