Unyayo wa Barazani

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Usipite barazani, saruji bado mbichi, zunguka nyuma. Saa nne uinyunyizie maji isije ikapasuka.

~~Mpigie fundi aje avunje baraza lote, kama ulivyotaka.~~ Usimpigie.

Jana wewe na fundi wako mlinicheka nilipokataa nyundo. Nikasema zege bado zima, limechakaa juu tu, lipakwe saruji mpya. Hukuniuliza kwa nini. Ule unyayo aliouacha pacha wetu mdogo alipokanyaga saruji mbichi, mwezi mmoja kabla hatujamzika, sikutaka uvunjwe. Afadhali ufunikwe.

Asubuhi hii nimeukuta juu ya saruji mpya, palepale. Mmoja tu, umeelekea mlangoni. Kidole gumba kimepinda vilevile. Lakini si mguu wa mtoto wa miaka miwili. Mwenzake yuko bweni tangu mwezi uliopita, kwa hiyo nimechukua kandambili zake alizoziacha, nikapimisha. Sawasawa kabisa.

Nimekwenda kununua kandambili nyingine, saizi hiyohiyo. Mlango wa mbele usiutie komeo.

Mama yao