Niliosha Samaki ya Kopo Kama Dhahabu

S.L.P. 31,
Rangwe.
Jumapili, 15 Juni 1997

Mpendwa dada Mellen,

Salamu nyingi kutoka kwetu Rangwe. Uko namna gani na hiyo joto ya Mombasa? Shemeji Mogire naye? Mimba yako sasa ni miezi sita kama nahesabu vizuri, naomba isikusumbue. Sisi ni wazima. Bibi yangu Joyline tumbo imekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno kama chifu. Mama miguu inamuuma kidogo lakini Sabato hakosi kanisa.

Unisamehe maandishi. Shule niliachia darasa la tatu, na kuongea unajua siwezi.

Asante sana kwa katoni ya samaki ya kopo uliyotuma na Omwenga wa lori. Mama alifungua ya kwanza akaanza kutafuta magamba kwa kijiko, maana samaki bila magamba sisi Wasabato hatuli. Akasema, "Sasa hii imetolewa ngozi, nitajuaje kama Biblia imeikubali?" Joyline akamjibu, "Uliza Mellen, si ndiye anakaa na bahari!" Mama akala. Akaongeza.

Lakini mwenye kuipenda zaidi ni Joyline. Kopo moja kila siku na ugali. Mimi nilifurahi, maana nyama kwetu ni ya sikukuu.

Sasa mwanzo wa mwezi huu tulienda kliniki, nesi anaitwa Bathsheba akamuuliza anakula nini. Joyline akajivuna na kopo zako. Nesi akasema apunguze, eti samaki kubwa ya bahari inabeba makyuri, hiyo zebaki, na ikizidi inaweza kuharibu akili ya mtoto akiwa tumboni. Mimi nilikuwa mlangoni, kofia mkononi.

Lakini makyuri naijua, dada. Ile miaka miwili nilikuwa naosha dhahabu Migori ndiyo tulikuwa tunatia kwa karai, inang'aa kama maji ya fedha, inashika dhahabu. Nikajiambia, kama iko kwa kopo nitaiona. Nikamwaga kopo mbili kwa karai, nikaponda, nikatia maji, nikazungusha polepole vile tulifundishwa. Niliangalia mpaka macho ikauma. Hakuna hata tone. Nikamwambia Joyline, "Kula tu, nesi anaogopa bure." Akala wiki nzima.

Jumatatu iliyopita Bathsheba akaja kununua nyanya kwa meza yetu ya sokoni. Joyline hana siri, akamwambia yote. Yule nesi alicheka mpaka akashika meza. "Cephas! Umeosha samaki kama mchanga?" Halafu akaacha kucheka. Akasema hiyo iliyo ndani ya nyama haionekani, kuosha haitoi, kupika haitoi. Samaki ndogo inakuwa nayo kidogo, kubwa inakula ndogo miaka mingi, inajaa ndani yake.

Nikamuuliza mbele ya watu kama nimeharibu mtoto wangu. Akaniambia, "Hapana baba, ni kopo chache tu. Kila siku ndiyo mbaya. Mara moja kwa wiki haina neno."

Sasa Joyline anakula omena ya ziwani, maharagwe, mayai na njugu. Omena nesi aliisifu sana, ni ndogo, haijaishi siku za kukusanya kitu. Kliniki ya juzi alipimwa, mtoto anapiga teke vizuri. Hata jana alinipiga mimi mgongoni nikiwa nimelala.

Dada, siandiki kukataa zawadi yako. Naandika kwa sababu barua yako ilisema unakula hiyo kopo asubuhi na jioni, vile shemeji analeta kutoka duka la jumla. Tafadhali punguza. Usiseme ni safi kwa sababu huoni kitu, mimi nilisema hivyo. Uliza kliniki ya huko. Ndengu na nazi ziko, dagaa ziko.

Omwenga anarudi huko Jumatano. Nimempa gorogoro mbili za omena, nimechambua mwenyewe, changarawe hakuna. Ioshe na maji moto, ukaange na nyanya mingi.

Salimia shemeji Mogire, asione nimemfundisha kulisha bibi yake. Salimia jirani yako Nyamoita. Mama anakusalimia, Joyline pia, anasema mzae karibu karibu watoto wacheze pamoja.

Mungu akulinde, wewe na huyo hatujamuona bado.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikinyamaza,
Cephas