Kwa Samaki Gauni, kwa Darasa Nguo za Kulalia

Mpendwa mshauri wa gazeti,

Naomba unisaidie kufikiri, maana kazi hiyo nimeifanya peke yangu tangu theluji ya Machi na sijafika popote. Mimi ni mwalimu wa jiolojia katika chuo kidogo hapa kaskazini mwa Wisconsin, ni mzee sasa, nilianza kufundisha hapa wakati ubao ulikuwa wa chaki, na nikuonye mapema kwamba napenda kueleza mambo, hata mke wangu marehemu, Ardis, alikuwa akiomba chumvi mezani kwa kunyoosha kidole tu, ili nisipate nafasi ya kumweleza chumvi inatoka wapi.

Darasa langu huanza saa mbili asubuhi, na wanafunzi wangu huja wamevaa nguo za kulalia. Sisemi nguo zinazofanana na za kulalia, nasema zile zile walizoamka nazo, zikiwa na mikunjo ya shuka. Kuna kijana mmoja, Brody, mchezaji wa magongo ya barafuni, mkubwa kama mlango, huja na suruali yenye picha za dubu, soksi nyeupe na ndara, na huko nje baridi inagandisha kope. Siku moja nilimuuliza, "Brody, umeamka?" Akanijibu, "Nusu, Profesa. Nusu nyingine inakuja na kahawa." Ningemwona mpuuzi, lakini ndiye aliyeongoza katika mtihani wa mawe, na yule mmoja anayekuja na shati lililopigwa pasi husinzia dirishani mpaka kipindi kiishe. Sasa niamini nini? Baba yangu alifuga ng'ombe wa maziwa, na hakuwahi kwenda hata posta bila kuvua nguo za zizini, alisema nguo ni salamu unayotoa kabla hujafungua mdomo. Nimeishi na neno hilo maisha yangu yote, nami huvaa tai hata nikienda kupima kina cha kisima.

Usidhani nazichukia nguo za kulalia zenyewe. Nyumbani kwetu zilikuwa na heshima zake. Kila mkesha wa Krismasi, baada ya chakula, Ardis aliwagawia watu wote wa familia nguo za kulalia za kitambaa kimoja, alizozishona mwenyewe kwa cherehani yake, na asubuhi tulipiga picha kwenye ngazi, yaani wao walipigwa picha na mimi nilishika kamera, nikiwa na tai yangu. Kila mwaka aliniambia, "Vaa basi mara hii moja, mzee wangu," nami kila mwaka nikamjibu, "Nani atashika kamera?" Alifariki Novemba iliyopita, na nguo za mwaka huo zilikuwa tayari zimeshonwa na kufungwa kwa karatasi, binti yangu akazigawa, na asubuhi ile mimi nikatoka kuzoa theluji, nikazoa ya kwetu, nikazoa na ya jirani, niliporudi ndani walikuwa wameshavaa nguo za mchana. Furushi langu liko kwenye droo, bado lina utepe wake. Nayaeleza haya ili ujue kwamba natambua tofauti: nguo za kulalia zina mahali pake, na mahali pake si darasani.

Sasa nifike penyewe. Mjukuu wangu, Maren, yuko mwaka wa pili chuoni kwetu, anaishi nami, na muhula huu yumo darasani kwangu. Tunakwenda kwa gari moja, mimi na tai yangu, yeye na nguo za kulalia, na ndani ya chuo tumekubaliana ananiita Profesa kama wenzake. Kila Ijumaa jioni tunakwenda mkahawa wa kando ya ziwa kula samaki wa kukaanga na chapati za viazi, kama tulivyofanya siku zote na Ardis, na Maren hukaa kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa cha Ardis kwa sababu alitumia mkono wa kushoto na hakutaka viwiko vyetu vigongane, Maren anatumia wa kulia lakini hukaa hapo hapo. Na kwa safari hiyo anavaa gauni! Anachana nywele, anavaa hereni. Nikamuuliza, "Kwa samaki unavaa gauni, kwa elimu unavaa nguo za kulalia, hii ni hesabu gani?" Akacheka, akasema, "Kule watu wananiangalia mimi, Babu. Darasani wanaangalia mawe." Sikulielewa jibu lile na bado silielewi, ingawa kila nikilirudia naona lina akili kidogo.

Basi mwezi wa Machi alikuja mgeni, mwalimu mwenzangu wa zamani, Gundersen, kutoka Madison, akaketi nyuma darasani kunisikiliza. Kabla sijaanza akaninong'oneza, ila mnong'ono wake ulisikika mpaka mstari wa mbele, "Bweni limeungua? Naona watu wametoka kama walivyolala." Wanafunzi wakacheka, yeye akacheka, mimi nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni, nikatazama huku na huku nitafute wa kumwambia neno, na macho yangu yakamwangukia Maren. Alikuwa amevaa suruali pana ya kijani, ya kitambaa kizito, imejaa picha za wale ndege weusi wenye madoa meupe wanaolia ziwani kwetu wakati wa kiangazi, ina mfuko mmoja tu, upande wa kushoto, na simu imejazwa humo hadi mfuko unavutika. Nikasema, mbele ya wote, "Maren, rudi nyumbani ukavae nguo. Hilo tambara la kulalia si la kuja nalo mbele za watu."

Kicheko kikakatika. Maren akaitazama suruali, akanitazama mimi, akasema, "Hata hii, Babu?" Babu, si Profesa. Nami nikasema, "Hasa hiyo."

Akakusanya vitabu vyake polepole, akatoka. Brody akasema chini chini, "Aisee, Profesa," na hakuna aliyecheka tena kipindi kizima, hata Gundersen.

Tangu siku hiyo hajalala nyumbani. Yuko bwenini kwa rafiki yake, Junie, darasani kwangu haji, na nikikutana naye kwenye ukumbi ananisalimu kwa adabu kama mtu wa ofisi nyingine. Binti yangu amenipigia simu kutoka Arizona, anasema Maren anataka kuhama, akamalizie masomo huko kwa mama yake muhula ukiisha. Nikamuuliza, "Kwa sababu ya suruali?" Akasema, "Baba, hata mimi haniambii. Anasema wewe mwenyewe unajua ulichosema." Mshauri, maneno niliyosema nayajua yote, nimekuandikia hapa bila kupunguza hata moja. Ila sijui nilisema nini. Wengine wamevaa vibaya zaidi, Brody hajanuna, iweje huyu anune kwa ajili ya kitambaa? Ijumaa nakwenda peke yangu, mhudumu ananiuliza kama aondoe kile kiti, namwambia akiache.

Nieleze, kuvaa nguo za kulalia darasani ni dharau au si dharau? Na kama ni mimi niliyekosa, niombe msamaha wa kosa gani? Maana mwalimu hawezi kujibu swali asilolijua.

Ni mimi,
Mwalimu Aliyeduwaa, kaskazini mwa Wisconsin

*

Mwalimu Uliyeduwaa,

Pole kwa msiba, na pole kwa kiti kile. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, kama unavyosoma kazi za wanafunzi wako. Umeuliza swali moja, lakini umeleta majibu ya swali jingine kabisa.

Nianze na lile jepesi. Hapana, si dharau. Vijana wako wanalala bwenini, wanakula bwenini, na darasa lako liko ng'ambo ya uwanja. Kwao chuo kizima ni nyumba moja na wewe uko kwenye chumba kimojawapo. Kijana anayetoka kwenye baridi hiyo na ndara, saa mbili asubuhi, aje kusikia habari za mawe, amekuheshimu kuliko unavyojua. Baba yako alisema nguo ni salamu. Ni kweli, lakini kila kizazi kina salamu yake. Na kama bado unataka sheria ya mavazi, una haki hiyo: itangaze siku ya kwanza ya muhula, iwe kwa wote, ianze na wale wakubwa kama mlango. Isianzie Machi, isianzie kwa mjukuu wako, na isianze kwa sababu mgeni kakucheka. Darasa lilikuwa limejaa nguo za kulalia, nawe ukamchagua mtoto wa kwako kwa sababu wa kwako ndiye uliyedhani hawezi kukuacha. Sasa umeona kwamba anaweza.

Hilo nimelimaliza. Sasa tulia, kaa chini, na usinieleze kitu.

Umeniandikia kwamba Ardis alikuwa akishona nguo za kulalia za kitambaa kimoja kwa familia nzima. Umeniandikia kwamba za mwisho alizimaliza kabla hajafa, na kwamba wewe hukuziona, kwa sababu ulikuwa nje unazoa theluji ya jirani. Umeniandikia kwamba alitumia mkono wa kushoto. Kisha ukaniandikia kwamba Maren alikuwa amevaa suruali yenye ndege wa ziwani kwenu, na mfuko mmoja tu, upande wa kushoto. Mwalimu, ni duka gani linaloshona suruali ya namna hiyo? Fundi wa kiwandani huweka miwili, au haweki kabisa. Mfuko mmoja wa kushoto huwekwa na mtu ambaye mkono wake wenyewe unakwenda huko.

Naweza kukosea, sina ila barua yako. Lakini jibu liko chini ya dari yako. Nenda kwenye droo ukafungue furushi lako. Fanya sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, gazeti halitakimbia.

Kama umekuta kitambaa kingine, niandikie unitukane, nitastahili. Lakini kama umekuta wale ndege, basi umeshajua ulichosema. Msichana alikuja darasani kwako amevaa kazi ya mwisho ya mikono ya bibi yake. Huenda ilikuwa siku ngumu kwake, huenda alitaka tu joto, hilo atakwambia yeye. Wewe ukaiita tambara mbele ya watu. Yeye hajui kwamba hujui! Kwake haiwezekani mtu mwenye nyumba asiijue. Ndiyo maana aliacha kukuita Profesa. Alikupa nafasi ya kurudisha neno lako, akakuuliza, "Hata hii?" Nawe ukajibu, "Hasa hiyo." Fikiri jinsi neno hilo lilivyoingia sikioni mwake, kisha usinung'unike tena kwamba kanuna.

Simwondolei na yeye lawama. Angeweza kusema. Lakini yeye ana kama miaka ishirini, wewe nadhani una zaidi ya mara tatu ya hiyo, na mwenye miaka mingi ndiye anayetangulia kugonga mlango.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wewe ni mtu wa theluji, na theluji huzoleka, mradi uwahi kabla haijawa barafu. Muhula wenu unaisha Mei. Kwa hiyo usiandike barua, maana utaandika kurasa nyingi na kuanza na jinsi pamba inavyolimwa. Usimtume mama yake. Usimvizie ukumbini. Ijumaa hii, kabla ya saa ya samaki, vaa alichokushonea mkeo. Chote, juu na chini. Tai iache nyumbani, najua itakuuma. Vaa koti na viatu vya theluji, nenda bwenini, gonga mlango wa Junie. Vijana watakutazama na watacheka, na utakuwa umevaa sawasawa kwa mahali hapo kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Akifungua, fungua koti. Sema hivi tu: "Sikujua. Nilikuwa sijafungua furushi langu." Kisha nyamaza. Ukisikia ulimi unataka kueleza, uume. Acha yeye aseme, au alie, au afunge mlango. Akiufunga, rudi Ijumaa nyingine na nguo hizo hizo. Kama bado anataka kwenda Arizona baada ya hapo, mpeleke uwanja wa ndege na usimbishie. Angalau ataondoka akijua ukweli. Lakini akichukua gauni lake, mpeleke mkahawani, akae kiti kile, nawe ule samaki ukiwa umevaa nguo za kulalia. Wakikuangalia, waache waangalie.

Na kabla hamjatoka bwenini, simameni kwenye ngazi. Miaka yote hiyo umemuuliza mkeo nani atashika kamera. Mwite yule Brody, akiwa ameamka walau nusu, umkabidhi.

Mama Verna