Gari Haliji Ng'ambo

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Umekula? Nauliza maana ukishakaa mbele ya kompyuta hata njaa huisikii. Sisi ni wazima. Vichanga wa zamu yangu wanalia kwa nguvu, na kwa mkunga hiyo ndiyo habari njema.

Programu yako tumeizoea. Mama akishikwa na uchungu anatuma ujumbe kwenye namba ya kliniki na kusema yuko wapi, dereva wa zamu anaupata, gari linaondoka. Lakini kuna jumbe zinapotea. Juzi mama mmoja wa ng'ambo ya daraja alituma kwa simu ya wifi yake, akasubiri weee, mwishowe akajifungulia kando ya barabara mikononi mwa huyo wifi. Wote wazima, lakini yule wifi alinijia juu mbele ya wagonjwa: "Nyie wa kliniki mnatuona sisi si watu? Mbona gari lenu linaishia darajani?"

Si mara ya kwanza kwa watu wa ng'ambo. Ajabu ni kwamba jirani yao wiki iliyopita alifikiwa bila tatizo.

Daktari mkuu amesema asipopata maelezo kabla ya mwezi huu kwisha, programu inafungwa. Tafuta, mdogo wangu.

Dada yako


7 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, usinianze. Mgongo tu ndio unalalamika, kiti changu ni kama kimetengenezwa na adui.

Barua yako imeninyima raha. Ngoja nikueleze. Programu yenu ina vipande vitatu: kimoja kinapokea ujumbe, cha pili kinauhifadhi, cha tatu kinamtafuta dereva. Kwa muda huu wa majaribio vyote vinaendeshwa humu kwenye kompyuta yangu, kila kimoja ndani ya kontena lake, yaani chumba chake cha peke yake humo humo kwenye mashine, kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Kila kipande kinaandika kila kinachokifanya, mstari kwa mstari. Mafundi tunaiita logi. Taabu ni kwamba nikitaka kusoma lazima nibishe hodi chumba kwa chumba, na nikiondoa kontena ili niweke jipya, logi zake zinaondoka nalo. Za yule mama zilishapotea.

Basi nimeamua. Naweka mkusanyaji, programu ndogo ya kuchota logi za makontena yote, ghala la kuzitunza, na ukurasa wa kuzitazama zote pamoja. Navyo vitakaa kwenye makontena, ila ghala nimelitengea sehemu yake kwenye diski, ili kontena likifutwa logi zibaki. Naanza leo. Dada, mikono inaniwasha!

Mdogo wako


9 Februari, asubuhi

Mdogo wangu,

Marahaba, na leo salamu ni fupi. Umefanya nini huko? Hakuna ujumbe hata mmoja unaoingia, wa ng'ambo wala wa huku. Tumerudi kupigiana simu, na dereva anazunguka uani kama kuku aliyepoteza vifaranga. Daktari mkuu bado hajajua. Niwahi.

Dada yako


9 Februari, mchana

Dada,

Shikamoo na pole. Nacheka huku naona aibu. Yule mkusanyaji alikuwa anakusanya hata logi zake mwenyewe! Akichota mstari, anaandika "nimechota mstari." Halafu anauchota na huo, anaandika tena. Diski ikajaa pomoni na kila kitu kikasimama, hata jumbe zenu.

Nimemkataza kujigusa, na ghala nimeliambia litupe kila logi iliyopita wiki mbili. Jumbe zinaingia sasa, hakikisha. Na ukurasa umefunguka! Ungeuona! Mistari inashuka yenyewe, ya vipande vyote vitatu mahali pamoja, imepangwa kwa saa. Nimepiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango kuuliza kama nimeungua.

Sasa nisaidie. Nenda kwa yule wifi na kwa yule jirani, waombe wakuonyeshe jumbe walizotuma. Kisha zitume kwa simu yako kama zilivyo. Usisahihishe hata herufi. Mimi nitakuwa nimekodoa macho.

Mdogo wako


11 Februari

Dada! Dada! Shikamoo, mengine baadaye, nimemkamata!

Ujumbe wako wa kwanza, ule wa jirani, "niko ngambo ya daraja," umepita kwenye vipande vyote vitatu, safi. Wa pili, ule wa wifi, "tuko ng'ambo ya daraja, njooni haraka," umepokelewa vizuri, kisha kwenye kipande cha kuhifadhi ukatokea mstari mwekundu: kosa. Baada ya hapo kimya. Dereva hakuambiwa kitu.

Ni ile alama ndogo ya ng'. Kile kipande kinaidhani ndiyo mwisho wa maneno, yanayofuata hakiyaelewi, basi kinatupa ujumbe mzima. Jirani hakuiweka, akafikiwa. Aliyeandika sawasawa ndiye aliyeachwa barabarani! Hapo mwenye kosa ni mimi, na nimeshalirekebisha. Maneno ya mama sasa yanapita yalivyo, hata akiandika ng'ombe wangu ameng'oa mlango.

Tafadhali mwambie wifi nimeomba radhi.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena! Nilivuka daraja kwa miguu nikamweleza wifi. Akauliza: "Yaani gari halikuja kwa sababu tuliandika vizuri?" Tukacheka mpaka mtoto akaamka, na nikapewa nimbebe. Radhi zako zimepokelewa, lakini anasema siku ukija utavuka mwenyewe ukaziseme. Daktari mkuu naye amekubali tuendelee. Nilimwonyesha ile picha ya ukurasa uliyonitumia, akaugusa ule mstari mwekundu kwa kidole kama anapima homa.

Leo umeingia ujumbe wa kweli: "Uchungu umeanza. Ng'ambo, nyumba ya bati nyuma ya kisima." Sijamaliza kuusoma, dereva ameshaondoka. Wamefika mama akiwa bado na nguvu za kunitania. Amezaa binti, ana mapafu ya kutosha watu wawili.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini simu imelia tena. Na huyu pia ni wa ng'ambo. Nasikia gari linawashwa. Nakwenda kunawa mikono.

Dada yako