Siku Nyota Nyeupe Walipozimika Bariadi

Jumapili jioni, Bariadi. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi la uwanjani bado limo masikioni mwangu, na nina furaha mpaka mistari inaenda upogo. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima akiona mwandiko huu atanirudisha darasa la mwanzo. Na anirudishe! Leo nimeona mambo.

Timu yetu imefungwa fainali. Timu yenyewe imevunjika. Na mimi niko jikoni nacheka peke yangu kama mwehu.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nikija kusoma mwenyewe sitaelewa.

Nyota Nyeupe ni timu ya kinu chetu cha pamba. Zamani ilikuwa timu ya wabeba marobota, wanacheza pekupeku, na golini alisimama mume wangu, Shija. Mwaka jana akaja meneja mpya, akasema ni aibu kinu kikubwa namna hii kufungwa na vijana wa Sola. Akaenda kuleta wachezaji wenye majina, wengine Tanga, wengine Tabora, wengine Dar es Salaam kabisa. Walishuka treni Malampaka, wakaletwa na lori la kinu, wamekaa juu kama maharusi. Jamani! Nywele za afro, viatu vya raizoni vyenye soli nene, miwani ya jua. Kinuni wakapewa kazi, huyu karani, yule mtunza stoo, lakini sijamwona hata mmoja ameshika kalamu wala ufunguo.

Kipa wao ni Rajabu, kijana wa Tanga. Uwanjani wanamwita Sumaku, kwa sababu mpira unamfuata mikononi wenyewe. Alipofika yeye, Shija akavuliwa jezi, akapewa ndoo ya kuwapelekea wachezaji maji. Hakugombana na mtu. Aliniambia mara moja tu: "Limi, jezi ile sitaivaa tena, hata waje kunipigia magoti." Tangu siku hiyo mpira hautajwi nyumbani kwetu.

Na mimi? Niseme ukweli, nani atanisikia. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo za kuwashangilia. Walikuwa wanashinda kila wiki! Watu wanatoka Migato kwa miguu kuja kuwaangalia. Mpaka kwenye nyumba za Wakatoliki wamezaliwa watoto wakaitwa Rajabu, padri akabaki kushika kichwa. Mume wangu yuko pembeni na ndoo yake, mimi namwimba Sumaku kwa jina. Nilijua inamuuma. Raha ilinizidi.

Sasa, maneno hayakukosekana. Watu wakaanza kusema hawa nyota ni kupe, wanalala mpaka saa nne wakati sisi tunalima shamba la kijiji kwa jasho. Ujamaa gani huo? Katibu wa kijiji akamwendea meneja, akamwambia Jumamosi tunachuma pamba ya pamoja, na wachezaji waje. Meneja akaogopa kuitwa mnyonyaji. Akakubali, fainali ikiwa kesho yake!

Kwetu pamba ya pamoja inachumwa kwa mashindano. Kila mtu anashika mstari wake, ngoma inalia, na anayebaki nyuma anatungiwa wimbo wa kumcheka. Wimbo wenyewe hauishii shambani. Utaimbwa kisimani, utaimbwa harusini, mpaka msimu mwingine ufike. Hata mzee mwenye mgongo mbovu anakazana ili asiimbwe.

Basi jana nyota wengi walipoliona lile shamba, matumbo yakawauma ghafla, wakakaa kivulini. Sumaku akakataa kukaa. Akashika mstari katikati yetu, mimi huku na Mayu Holo kule. Mayu Holo ni bibi jirani yetu, ana mdomo huyo! Akamwangalia mikono, akamuuliza, "Baba, hiyo ni mikono ya kudakia mpira au ya kulia ubwabwa?"

Wanawake wote tukaangua kicheko. Kijana akapanda mori.

Alichuma kama anadaka. Anakamata tumba zima, analiminya, anavuta. Pamba haitaki hivyo. Tumba likikauka lina ncha zinazochoma kama sindano, ndiyo maana sisi tunaichomoa pole pole kwa ncha za vidole. Mwenzetu anaogopa kuimbwa, hana habari ya miiba. Alitupita wote, sisi tunampigia vigelegele, na kadiri tunavyopiga ndivyo anavyozidi kukazana. Jioni vidole vyake vilikuwa vimevimba kama viazi. Akasema si kitu.

Leo tukajua kumbe ni kitu.

Wapinzani wetu wa fainali, Maswa, wamekuja na magari mawili ya mashabiki. Shuti lao la kwanza likapita katikati ya viganja vya Sumaku. La pili alilidaka, akapiga ukelele wa maumivu, akaliachia mwenyewe likaingia. La tatu hakunyoosha hata mkono. Mapumziko tuko tatu bila. Yule mshambuliaji wa Dar akamfokea mbele ya umati, "Umekuja kucheza mpira au kuvuna?" Sumaku akajibu, "Wewe jana ulikuwa unaumwa tumbo, leo mguu umepona?" Wakakamatana mashati. Wenzao wakagawana pande. Halafu Sumaku akavua jezi, akaitupa mavumbini, akaenda kukaa kwenye lori.

Kipa wa akiba hakuna. Meneja alishatuambia nyota haihitaji akiba.

Nikamwona meneja anamfuata Shija. Sikusikia alichosema, ila nilimwona Shija anatikisa kichwa. Meneja akaiokota jezi mwenyewe, akamnyooshea kwa mikono miwili. Shija akainua ndoo yake, akampa mgongo, akaanza kuondoka.

Nilihisi kufa. Nilijua akitoka uwanjani na ile ndoo leo, hatarudi golini maisha yake yote, na atakuwa na haki. Hata mke wake mwenyewe hakuwa amemtungia wimbo. Nikasimama. Wimbo sina, nitafanyaje? Nikaita jina tu. "Shija! Shija!" Mayu Holo akaitikia nyuma yangu, halafu wabeba marobota, halafu ule upande wote wa uwanja ulio karibu na mnada. Uwanja mzima unaita jina la mume wangu!

Alisimama. Kisha akaweka ndoo chini, akarudi, akaichukua ile jezi, akaikung'uta vumbi, akavaa.

Mama yangu wee! Maswa wanapiga, Shija anapangua. Wanapiga, anaulalia mpira. Pekupeku, kaptula ya kazini, anaruka kama ana deni na dunia. Wale nyota walipoona mbeba ndoo anapambana hivyo, wakaona haya, wakaanza kucheza. Tukarudisha moja. Tukarudisha la pili. Mwishoni Maswa wakapata penalti. Mimi sikuangalia, nimejifunika khanga usoni, nilisikia tu uwanja umelipuka. Ameipangua kwa mguu!

Filimbi. Tatu kwa mbili. Kombe limekwenda Maswa, na watu wetu wameingia uwanjani wamembeba Shija mabegani. Meneja anakimbia huku na huku, "Mmefungwa! Mnashangilia nini?"

Mayu Holo akamwambia, "Tunamshangilia mtoto wetu, baba. Wewe wako wako kwenye lori."

Na kweli walikuwa wameshapanda. Wakubwa wa meneja waliahidiwa kombe, kombe hakuna, basi na lori na nyota vimekwisha. Meneja akatangaza hapo hapo kwamba kinu hakina timu tena. Jua halijazama walishaondoka kwenda Malampaka kuwahi treni, wamenuniana, kila mmoja anatazama upande wake. Sumaku peke yake aliteremka kutuaga. Vidole havishikiki, akampa Shija kifundo cha mkono. "Kaka," akasema, "ningekuwa na mikono yako nisingeogopa wimbo wa mtu." Nikamfungia karanga za njiani. Sina ugomvi naye, kijana wa watu.

Nyumbani Shija amekula matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na maziwa, bila kuniangalia, jezi hajaivua. Nikadhani ndiyo basi, hasira yake bado iko pale pale, na sina cha kumlaumu. Akanawa, akaniangalia.

"Limi, sasa na mimi niimbie wimbo wa kwangu."

Nikafungua mdomo. Haikutoka hata silabi. Nikajaribu tena, ukatoka mlio wa mbuzi. Akanitazama, mimi namtazama, tukacheka mpaka Mayu Holo akauliza kutoka kwake kuna nini.

Sauti yote nimeimalizia uwanjani, kwa jina lake. Asubuhi ikinirudia, yeye atakuwa wa kwanza kuisikia.